UZI: Kukonvati na kusirialaizi objekti kati ya vesheni za API. Kinachouma ni fildi ambayo mtu hakuiandika

#1 fundi_bomba (mleta uzi)

Wakuu salama,

Kila mara humu anatokea mtu anauliza jinsi ya kuhamisha objekti kutoka v1beta1 kwenda v1 kwenye kodi yake, na majibu ni yaleyale, andika fanksheni mbili, moja ya kwenda moja ya kurudi, umemaliza. Sawa, hizo fanksheni hata anayeanza leo anaziandika. Mimi nabisha kwamba kazi haiko hapo. Kuhamisha fildi zilizoandikwa ni kitu chepesi kabisa, ugumu wote uko kwenye fildi ambazo mtu HAKUZIANDIKA, na zile ambazo vesheni ya zamani haina pa kuziweka.

Nitatumia Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi) kwa mifano maana kodi yake iko wazi na wale jamaa wameshapigwa na karibu kila aina ya maumivu kwenye hili eneo, ila hata kama unaandika API yako ndogo tu yenye v1 na v2, mambo ni haya haya.

Kwanza tutenganishe vitu viwili, nimeona vinachanganywa sana. Kusirialaizi ni kuitoa objekti kwenye memori na kuifanya baiti, iwe JSON, YAML au protobuf (miundo ya kuandika data), na kudikodi ndo kurudi. Kukonvati ni kuchukua objekti yenye umbo la v1beta1 na kupata yenye umbo la v1, zote mbili zikiwa bado kwenye memori. Mtu akivichanganya anafanya hivi: anachukua JSON ya zamani anaisoma moja kwa moja ndani ya strakti (umbo la data kwenye kodi) mpya, haipigi kelele, anasema imekubali. Haijakubali mkuu, imetupa vitu kimyakimya. `encoding/json`, maktaba ya JSON ya lugha ya Go, ikikutana na fildi isiyoijua inaipita tu kama haijaiona, mpaka uiambie `DisallowUnknownFields`.

Angalia Ingress, objekti ya Kubernetes inayoelekeza maombi ya nje kwenda kwenye huduma. Zamani ilikuwa:

```
backend:
  serviceName: wavuti
  servicePort: 80
```

Kwenye networking.k8s.io/v1 ikawa:

```
backend:
  service:
    name: wavuti
    port:
      number: 80
```

Ukiisoma ile ya juu kwa strakti ya chini, `serviceName` haina pa kukaa, inadondoka, na pointa ya `service` inabaki nil (tupu). Hamna erori hata moja kwenye kudikodi. Kubernetes utaokolewa na validesheni inayokuja baadaye, kwenye API yako ambayo hujaandika validesheni inaingia hivo hivo tupu mpaka kwenye databesi. Na ona pia kwamba `servicePort` ilikuwa inakubali namba au jina kwenye fildi moja, v1 wakaitenga kuwa `number` na `name`, kwaiyo hata konvesheni ambayo kwa macho inaonekana ni kubadili majina tu ina uamuzi ndani yake.

Kwaiyo mpangilio sahihi ni huu: soma baiti, chungulia `apiVersion` na `kind` (vesheni na aina ya objekti) tu, kutokana na hizo chagua strakti ya vesheni HIYOHIYO iliyoandikwa, dikodi ndani yake, jaza difolti (thamani za fildi zilizoachwa wazi) za vesheni hiyohiyo, halafu ndo ukonvati. Kwenye Kubernetes anayejua jozi ya jina na strakti ni `runtime.Scheme`, na ile erori maarufu ya `no kind ... is registered for version ...` maana yake ni hiyo tu, umemletea Scheme jina ambalo hukulisajili, umesahau kuita `AddToScheme` ya ile pakeji. Watu wanahangaika na hiyo erori masaa wakati ni mstari mmoja.

Halafu suala la kitovu. Ukiwa na vesheni 5 na ukataka kila moja iende kwa kila nyingine moja kwa moja ni fanksheni 20. Ukiweka umbo moja katikati ambalo wote wanapitia, kama stendi kuu, ni 10, na vesheni ya 6 inakuongezea 2 tu badala ya 10. Kubernetes umbo hilo wanaliita la ndani na strakti zake hazina hata tagi za JSON, makusudi, ili asitokee mtu akalisirialaizi na kulitoa nje, maana siku likitoka nje tu limekuwa API na huwezi tena kulibadilisha unavyotaka.

Karibuni tujadili. Kuna mambo ya difolti nayaleta chini.

#2 binti_seva

Mkuu nakazia hapo kwenye mpangilio. Ila fafanua kwanini difolti zijazwe KABLA ya kukonvati. Mimi kwenye mradi wetu tunakonvati kwanza kwenda umbo la ndani halafu tunajaza difolti sehemu moja tu, ni kodi chache na kila kitu kiko pamoja.

#3 fundi_bomba (mleta uzi)

Dada hilo ndo swali nililokuwa nalisubiri.

Difolti ni sehemu ya mkataba wa vesheni. Mtu aliyeandika manifesti ya zamani na kuacha fildi wazi hakusema "chagueni mnachotaka", alisema "nataka kile mlichoniahidi kwenye nyaraka za vesheni hii". Ukijaza kwenye umbo la ndani unakuwa na difolti moja kwa vesheni zote, na siku ukitaka v2 iwe na difolti nzuri zaidi basi umembadilishia na yule wa v1 ambaye hajagusa chochote.

Deployment, objekti inayosema nakala ngapi za programu ziendeshwe na zibadilishwe vipi, ndo mfano mzuri kuliko yote. Kwenye `extensions/v1beta1` ukiacha `revisionHistoryLimit` ilikuwa inatunza historia yote ya matoleo ya nyuma, kwenye `apps/v1beta1` difolti ilikuwa 2, kwenye `apps/v1` ni 10. `progressDeadlineSeconds` (muda wa kusubiri toleo jipya lisonge mbele) ya zamani ilikuwa hamna ukomo, apps/v1 ni sekunde 600. `maxSurge` na `maxUnavailable` (nakala zinazoruhusiwa kuzidi na kukosekana wakati wa kubadilisha) zilikuwa 1, zikawa asilimia 25. Sasa fikiria faili moja la YAML ambalo halijaandika hata moja kati ya hizo, linaingia kwa mlango wa zamani. Kama seva ingekonvati kwanza, yule mtu angejikuta anafutiwa historia aliyoahidiwa itatunzwa yote.

Walichofanya wao, mlango wa extensions/v1beta1 ulikuwa unajaza 2147483647, yaani namba kubwa kuliko zote za int32, ikimaanisha hamna kikomo, halafu ndo inakonvatiwa. Ndo maana kuna watu walikuwa wanatoa Deployment zao za zamani kwa `kubectl get -o yaml` wanakuta hiyo namba ya ajabu wanajiuliza nani kaiandika. Haipendezi, lakini ni ya kweli, maana halisi ya ukimya wa yule mtu imeandikwa wazi, na kuanzia hapo vesheni yoyote ikiisoma inasoma kitu kilekile.

Na hiki ndo kinanifanya niseme konvesheni haitakiwi ikutane na fildi tupu yenye maana mbili. Ikikutana nayo tayari umechelewa.

#4 mzee_wa_logi

Kwenye fildi tupu kuna hii ya sifuri ambayo imetesa watu wengi sana wa Go. Una `Replicas int32` yenye tagi ya `omitempty`. Mtu anaweka 0 maana anataka kuzima kila kitu. Ukisirialaizi, 0 kwa Go ni sawa na tupu, inafutwa kwenye JSON. Upande wa pili inafika haipo, difolti inasema isipokuwepo weka 1. Mtu kazima, kitu kimewaka. Hapo hamna fanksheni ya konvesheni iliyokosea, imekosea tagi.

Ndo sababu Kubernetes wanaandika `*int32`. Nil ni hakuandika, pointa yenye 0 ni kaandika sifuri. Inachosha kuandika pointa kila mahali, unajaza kodi yako vijifanksheni vya kutengeneza pointa, lakini hamna njia ya mkato.

Wale wa proto3 (vesheni ya tatu ya lugha ya protobuf) mlikutana na hii hii, fildi za kawaida zilikuwa haziwezi kutofautisha sifuri na haipo mpaka wakairudisha `optional`.

#5 kodi_usiku

Wakuu mimi nina CRD yangu (aina ya objekti niliyoiongeza mwenyewe kwenye Kubernetes), vesheni mbili, strategy ya konvesheni nimeweka `None`. Inafanya kazi vizuri tu. Hizi fanksheni zote za nini?

#6 fundi_bomba (mleta uzi)

Mkuu `None` inabadilisha neno la `apiVersion` basi. Haigusi kitu kingine. Kama vesheni zako mbili zina skima ileile, uko salama, endelea. Ila siku ukibadili jina la fildi moja, ile objekti iliyohifadhiwa kwa jina la zamani ikisomwa kwa vesheni mpya inavishwa `apiVersion` mpya, halafu fildi isiyokuwepo kwenye skima inakatwa. Mtumiaji anaisoma haioni, anabadili kitu kingine kabisa anaihifadhi, na hapo ndo imepotea kweli kwenye etcd, databesi ya Kubernetes.

Ukifika hapo inabidi webhuki, yaani huduma yako inayoitwa na seva ya Kubernetes ifanye konvesheni. Seva inakutumia ConversionReview yenye orodha ya objekti na vesheni inayotakiwa, unarudisha orodha kwa mpangilio uleule, na ndani ya metadata huruhusiwi kugusa chochote zaidi ya lebo na anotesheni (maelezo ya ziada ya jina na thamani). Ukiwa unatumia controller-runtime (maktaba ya Go ya kuandika kontrola, yaani programu zinazosimamia objekti) unachagua vesheni moja iwe kitovu, unaiwekea mbinu tupu ya `Hub()`, zilizobaki zinaandikiwa `ConvertTo` na `ConvertFrom`. Huko huna umbo la ndani lililofichwa, kitovu ni mojawapo ya vesheni zako zenyewe, kwaiyo chagua ile yenye uwezo wa kubeba kila kitu.

Na tafadhali ile webhuki isiwe inaita databesi wala API nyingine. Inaitwa kila objekti inaposomwa kwa vesheni tofauti na iliyohifadhiwa, ikilala, hata kuorodhesha tu kunagoma.

#7 binti_seva

"Ile yenye uwezo wa kubeba kila kitu", hapo ndo napata shida. Chukua v1 ina fildi `baruapepe` moja, v2 ina orodha `baruapepe` nyingi. v2 kwenda v1 nachukua ya kwanza, sawa. Anayesoma kwa v1 akihifadhi tena, zile zingine si zimekwenda?

#8 fundi_bomba (mleta uzi)

Zimekwenda, ndio, na hapa tukae kidogo maana ndo kiini cha mada yote.

Kanuni ya Kubernetes ni kwamba ndani ya toleo moja la mfumo objekti lazima iweze kuzunguka kutoka vesheni moja kwenda nyingine na kurudi bila kupoteza taarifa. Sio "isipoteze zile muhimu", isipoteze kabisa. Kwaiyo vesheni ya zamani ambayo haina pa kuweka kitu kipya inatafutiwa mfuko, na mfuko wenyewe ni anotesheni.

HorizontalPodAutoscaler, inayoongeza na kupunguza nakala za programu kulingana na mzigo, ilipita hapa. `autoscaling/v1` inajua kitu kimoja tu, `targetCPUUtilizationPercentage`. v2 ina orodha ya metriki, memori, metriki zako mwenyewe, na `behavior` (namna ya kuongeza na kupunguza) juu yake. Ukiomba objekti ya v2 kwa mlango wa v1, zile metriki zisizo na pa kukaa zinafungwa kama JSON ndani ya anotesheni ya `autoscaling.alpha.kubernetes.io/metrics`, na behavior nayo ina yake. Ukiirudisha kwa mlango wa v1, seva inafungua mfuko na kurudisha vitu mahali pake. Cluster API (mradi wa kusimamia klasta za Kubernetes) nao wanafanya hivo hivo, anotesheni yao ni `cluster.x-k8s.io/conversion-data`, humo wanaweka objekti ya kitovu ukiacha metadata yake.

Sasa kwa mfano wako. v2 ina [a, b, c]. Unaitoa kwa v1: `baruapepe: a`, na kwenye mfuko [a, b, c]. Mtu wa v1 anabadili a kuwa x anahifadhi. Sasa mfuko unasema a, fildi inasema x. Nani mkweli? Watu wengi wanaandika kodi inayofungua mfuko na kumwaga vyote juu ya objekti, x inafutika, mtumiaji anahariri inarudi, anahariri inarudi, anaanza kuhisi ana wazimu. Kanuni ni kwamba fildi inayoonekana inashinda siku zote, mfuko unaruhusiwa kurudisha KILE TU ambacho vesheni ya zamani haina namna ya kukisema. Kwaiyo unakonvati v1 kwanza unapata [x], halafu kutoka mfukoni unachukua kuanzia ya pili, unapata [x, b, c].

Na kama mtu wa v1 kaifuta kabisa `baruapepe`? Hapo hamna jibu la kihesabu, ni uamuzi wako. Mimi naona kufuta kwake kumaanishe orodha nzima tupu, kwasababu kwa macho yake hiyo moja ndo ilikuwa orodha yote, akiomba tena akakuta b imejitokeza pale atashangaa. Mwingine anaweza kuona tofauti. Ila amua, uandike kwenye nyaraka, na uiwekee testi, isiwe imejiamulia yenyewe kwa namna kitanzi chako kilivyoandikwa.

Njia nyingine ni ya kubaki na zote mbili ndani ya vesheni ileile. Status ya Pod (kizio kinachobeba programu inayoendeshwa) ilikuwa na `podIP`, walipotaka IP zaidi ya moja wakaongeza `podIPs` na sharti kwamba `podIP` lazima ilingane na ya kwanza kwenye orodha. Haipendezi kwa macho lakini haikuhitaji vesheni mpya na hamna kinachopotea njiani.

#9 mzee_wa_logi

Hiyo ya kufuta kabisa inanikumbusha PodDisruptionBudget (PDB), objekti inayozuia podi nyingi zisiondolewe kwa mkupuo. Selekta (kichujio cha kuchagua podi kwa lebo) tupu `{}` kwenye `policy/v1beta1` ilimaanisha haichagui podi hata moja. Kwenye `policy/v1` `{}` ileile inamaanisha podi zote za neimspesi (kundi la objekti ndani ya klasta). Herufi kwa herufi sawa, maana kinyume kabisa. Ukiandika konvesheni ya kunakili fildi kwa fildi, testi zako zote zinapita kijani huku umegeuza maana ya ulinzi wa mtu.

Wao walikwepa kwa kuweka sharti la lebo maalumu ndani ya selekta, `pdb.kubernetes.io/deprecated-v1beta1-empty-selector-match`, kwaiyo tupu ya v1beta1 ikisomwa kwa v1 inaonekana kama selekta inayodai lebo ambayo hamna mtu anaiweka, na ikirudi v1beta1 wanaivua inakuwa tupu tena.

#10 kodi_usiku

Hii imeniamsha 😅. Kwaiyo hata aina ya data ikiwa sawa kabisa bado unaweza kuharibu.

#11 fundi_bomba (mleta uzi)

Ndo hivyo. Na hapo ndo vigenereta (programu zinazokuandikia kodi) vinapomdanganya mtu. `conversion-gen` inakuandikia `zz_generated.conversion.go`, ikiona fildi upande mmoja ambayo haipo upande wa pili inakuachia komenti ya WARNING kwamba inahitaji konvesheni ya mkono na inakulazimisha uandike mwenyewe. Safi sana. Ila ikiona jina sawa na aina sawa inanakili, na kama memori ya strakti mbili imepangwa sawasawa haihangaiki hata kunakili, inageuza pointa kwa `unsafe.Pointer` inapita. Haina namna ya kujua `{}` inamaanisha nini kwa binadamu.

#12 rejesta_moja

Mimi nipinge kidogo mleta mada. Haya ya kitovu na mifuko ya anotesheni ni makubwa mno kwa API za kawaida. Stripe wana vesheni kwa tarehe, akaunti yako inafungwa kwenye vesheni iliyokuwepo ulipoita mara ya kwanza, kodi yao ya ndani inajua umbo jipya tu, na jibu likitoka linapitishwa kwenye moduli za mabadiliko moja baada ya nyingine kurudi nyuma mpaka lifike kwenye tarehe yako. Mnyororo, hamna kitovu. Kila badiliko limeandikwa mara moja tu na halirudiwi. Na wanaendesha malipo, sio mchezo.

#13 fundi_bomba (mleta uzi)

Mkuu hoja yako ina uzito na sikatai, ila tazama kilichofanya mnyororo wao ukae vizuri. Mteja wao kwa kawaida hachukui objekti nzima, akabadili fildi moja, akairudisha nzima. Anatuma vigezo anavyotaka vibadilike tu. Kwaiyo jibu lililopunguzwa kwa ajili ya mteja wa zamani linaishia kwa mteja, halirudi kuja kufuta kitu. Ni safari ya upande mmoja, na kwa upande mmoja kupoteza sio kosa, kwani yule hakuwahi kuahidiwa hicho kitu.

Kubernetes mtindo wake ni soma nzima, badili, andika nzima. Kila kinachopotea wakati wa kusoma kinakuwa kimefutwa wakati wa kuandika. Ndo maana wao wanalazimika na mifuko.

Kwaiyo kabla hujachagua jiulize wateja wako wanaandikaje. Kama ni PATCH ya fildi chache, mnyororo unatosha na ni kodi nzuri kuisoma. Kama kuna PUT ya objekti nzima, mnyororo una hatari yake ya pekee: v1 na v3 zote zina fildi fulani lakini v2 waliitoa, basi ukipita katikati imekufa ingawa pande zote mbili zina pa kuiweka. Kitovu hakina hilo.

#14 binti_seva

Na hiyo ya soma-badili-andika inauma hata bila kubadili vesheni. Kontrola iliyojengwa na client-go (maktaba ya Go ya kuita Kubernetes) ya zamani, strakti zake hazina fildi zilizoongezwa mwaka jana, inasoma objekti ya v1, inabadili lebo, inafanya Update. Fildi mpya zimedondoka pale ilipodikodi, na Update imezifuta. v1 kwa v1! Dawa ni Patch, au `unstructured` ambayo inabeba ramani yote kama ilivyo.

Protobuf hapo wanatushinda, fildi isiyojulikana inabebwa tu na kurudishwa ilivyo, proto3 waliiacha hiyo tabia mwanzoni wakairudisha kwenye 3.5.

#15 mzee_wa_logi

Ukitumia ramani tupu na JSON nayo kuwa macho na namba. Go ikidikodi JSON kwenye `interface{}` kila namba inakuwa float64 (namba ya desimali), na kuanzia juu ya 9007199254740992 haziwezi kushika kila namba nzima. ID ndefu inabadilika tarakimu za mwisho na hamna erori. Tumia `UseNumber`, au ID ziwe maandishi tangu mwanzo. Watu wa `unstructured` walishalishughulikia, namba nzima inakuwa int64, ila kodi yako ya pembeni inayoita `json.Unmarshal` ya kawaida haina huo msaada.

Na muda. `metav1.Time` ikisirialaiziwa inabaki sekunde tu, vipande vinakatwa. Ukilinganisha objekti kabla na baada ya mzunguko unaambiwa hazifanani wakati kila kitu kiko sawa. Ukitaka vipande kuna `MicroTime`.

#16 kodi_usiku

Wakuu swali dogo kabla hamjafunga. Nasoma Deployment kwa klayenti ya Go, nataka kuiandika kwenye faili la YAML. Inatoka haina `apiVersion` wala `kind`. Nimekosea wapi?

#17 binti_seva

Hujakosea chochote, ndo ilivyo. Klayenti yenye aina inajua tayari ni Deployment ya apps/v1 kwasababu wewe ndo umeiomba, ikishadikodi inaacha TypeMeta (sehemu yenye `apiVersion` na `kind`) tupu. Ukitaka kuisirialaizi nje lazima uirudishie mwenyewe, `SetGroupVersionKind` kutoka kwenye Scheme, au ukiwa na controller-runtime kuna `apiutil.GVKForObject`. Au tumia enkoda ya Scheme yenye vesheni uliyoitaja badala ya kuita maktaba ya YAML moja kwa moja, ile inajaza yenyewe.

Usihifadhi kitu chochote kwenye diski bila hizo mbili. Baiti zisizojitaja ni za vesheni gani baada ya muda hamna mtu atakayezisoma kwa uhakika. Hata protobuf ya Kubernetes kwenye etcd inaanza na baiti nne, `k8s` na sifuri, halafu bahasha yenye apiVersion na kind, ndo data yenyewe inafuata.

#18 rejesta_moja

Testi mnaandikaje? Mimi nina jedwali la mifano kama ishirini hivi ya v1 na v2 zake.

#19 fundi_bomba (mleta uzi)

Mifano ya mkono inapima ulichokifikiria, na bagi za hapa ziko kwenye usichofikiria. Weka fazi: jaza strakti kwa takataka za bahati nasibu, ikiwemo nil, orodha tupu, orodha yenye kitu kimoja, ramani tupu, peleka kitovu, rudisha, linganisha. Anza safari kutoka PANDE ZOTE mbili, maana v1→v2→v1 inaweza kupita huku v2→v1→v2 inavuja, na ya pili ndo mara nyingi inavuja. Siku mwenzako akiongeza fildi v2 akasahau konvesheni, fazi inamkamata bila wewe kuandika mstari mpya, jedwali lako halimkamati.

Ila fazi haiwezi kukamata ile ya PDB hapo juu, kwasababu kwenda na kurudi kunalingana vizuri tu. Kwa hiyo jedwali usilitupe, libaki kwa ajili ya MAANA: tupu, difolti, sifuri. Na cha tatu ni mafaili ya sampuli yaliyohifadhiwa kwenye ripo, JSON na YAML za vesheni zilizokwisha kutoka, yasomwe kila testi inapokimbia. Kubernetes wanayo kwenye folda ya testdata ya `k8s.io/api`, pamoja na ya protobuf. Mtu akibadili tagi ya JSON kwa bahati mbaya, fazi inapita kwasababu kuandika na kusoma vyote vimebadilika pamoja, lile faili la zamani ndo linalokataa.

#20 kodi_usiku

Ya mwisho kweli. Nimeshahama v2 kila mahali, wateja wote wapo v2. Naifuta v1 kwenye CRD leo?

#21 mzee_wa_logi

Subiri. Angalia `status.storedVersions` ya CRD. Kubadili storeji kuwa v2 hakugusi objekti zilizokwishalala kwenye etcd, zinabaki na umbo la v1 mpaka siku kila moja itakapoandikwa tena. Kama v1 bado imo kwenye hiyo orodha, seva itakukatalia kuiondoa kwenye spec.

Kwanza weka v1 `served: false` uone nani atalalamika, utashangaa. Halafu soma kila objekti na uiandike tena bila kubadili kitu, ya kwenye neimspesi zote, ama kwa skripti ama kwa kimigreta cha storeji. Zikiisha zote ndo unaitoa v1 kwenye `storedVersions` kwa mkono, maana haijitoi yenyewe, halafu unaiondoa kwenye spec. Kodi ya konvesheni ya v1 ndo iwe ya mwisho kabisa kufutwa, na kama una bakapu za etcd za wakati wa v1 ambazo bado mnatarajia kuzirejesha siku ya shida, basi usiifute kabla hizo bakapu hazijaisha muda wake.